Kona ya Wapuliza: Nimetumiwa vipande vinne vya okestra, naanzia wapi?

Toleo hili barua nyingi zimetoka kusini, Mtwara na Lindi, sijui kuna nini huko mwaka huu ila nimefurahi. Nyingine nimezifupisha kidogo, wenyewe mtajijua.

SWALI: Shikamoo mwalimu. Mimi niko Chikongola hapa Mtwara mjini, nina miaka 21, napiga tarumbeta bendi ya parokia tangu niko shule, harusi, misiba, kipaimara, kote tunazunguka. Sasa kuna okestra ya vijana ya nje wametangaza usaili wa video, nikajaza fomu, wakanitumia vipande vya kuandaa: mwanzo wa simfoni namba 5 ya Mahler, Promenade ya Mussorgsky, ule mlio wa tarumbeta kwenye Leonore namba 3 ya Beethoven, na mwanzo wa konseto ya Haydn. Nimepewa wiki nane. Noti zote nazifikia hata za juu, lakini nikijirekodi naona kuna kitu hakipo, nikamtumia rafiki yangu wa Dar akasema "unapiga vizuri ila haisikiki kama okestra", basi hajaeleza zaidi. Nafanyaje? Na je nipige haraka zaidi ili waone uwezo? – Mpuliza, Chikongola

JIBU: Marahaba mwanangu. Rafiki yako kasema kweli ila kakuacha njiani. Hicho kinachokosekana ni wale watu wengine themanini. Manake kipande cha okestra si wimbo wa tarumbeta, ni kipisi kimekatwa kwenye kitu kikubwa, na huyo anayekusikiliza ameukalia huo muziki miaka mingi, kichwani kwake violini zinalia, timpani inagonga, sasa wewe ukipiga kama vile uko peke yako duniani anakujua hapohapo, baa mbili (vile vyumba vya mapigo kwenye nota) zinamtosha. Kwahiyo kazi ya kwanza wala haihitaji tarumbeta. Iache kwenye boksi lake siku kadhaa, chukua simu na spika za sikioni, sikiliza kila kipande kwa okestra tatu tofauti, sio kile kipisi tu, muvumenti (sehemu ya simfoni) nzima, huku unafuata kwa macho karatasi ya okestra yote. Nota za Mahler, Beethoven na Haydn zipo bure kwenye tovuti ya IMSLP, unashusha tu. Ujue nani anaingia baada yako, nani amekushikia pumzi, nani anapiga noti moja na wewe. Kwa Mahler katafute ile rekodi ya Chicago Symphony na Georg Solti ya mwaka 1970, aliyekuwa tarumbeta wa kwanza pale ni Adolph Herseth, alikalia kile kiti kuanzia 1948 mpaka 2001, usimwige, msikilize tu anavyoshika muda.

Tuanze na huyo Mahler maana ndo anaangusha wengi. Aliandika simfoni hii 1901 na 1902, ikapigwa mara ya kwanza Cologne 1904, na muvumenti ya kwanza ni maandamano ya mazishi. Ukumbi kimya, halafu tarumbeta moja peke yake, hakuna mwenzio wa kukuficha. Hapa nakwambia ukweli una mtaji ambao hao wenzio wa Ulaya wengi hawana, wewe umepiga misiba, unaujua mwendo wa watu waliobeba jeneza, haukimbii na haulali. Upige huo. Mahler mwenyewe kaandika maelekezo kwenye nota kwamba zile tripleti (noti tatu ndani ya pigo moja) zinazotangulia zipigwe kwa haraka kidogo, kama tarumbeta za jeshi zinavyopigwa, na ndipo watu wanapopotea: wanakimbiza tripleti sawa, halafu ule mwendo wa haraka wanaupeleka mpaka kwenye noti ndefu, noti ndefu inakatwa, kimya kinachofuata kinakatwa, mara mapigo yote yameyumba. Noti ndefu ndo nyumba ya mapigo pale. Ishikilie urefu wake wote, na kile kimya hesabu kama unavyohesabu noti. Pia usianze na nguvu zako zote, bado kuna mlima wa kupanda mpaka okestra yote inapoingia kwa kishindo, ukimaliza mafuta baa ya tatu utafika kule juu unakwangua.

Zoezi langu kwa hili: piga bila metronomu (kile kifaa cha kugonga mapigo), jirekodi, halafu washa metronomu juu ya rekodi yako au gonga mguu wakati unajisikiliza. Mguu hauna upendeleo. Ukiona mguu umelazimika kusubiri au kuruka, umepata pa kufanyia kazi.

Promenade sasa. Watu wanaiona nyepesi kwasababu haina noti za kutisha, ndo maana inaondoka na vijana wengi. Mussorgsky aliitunga kwa piano 1874 akimkumbuka rafiki yake Viktor Hartmann, mchoraji aliyekuwa amefariki mwaka mmoja nyuma, ni mtu anatembea kwenye maonyesho ya picha. Ravel ndo akaigeuza ya okestra 1922 na kumpa tarumbeta mwanzo. Kama umelelewa na sol-fa kama sisi wote wa kwaya, iimbe kwanza: la so do re-so mi, halafu re-so mi do re la so. Umeona? Noti tano tu, hakuna fa wala ti, mtoto wa kijijini Newala anaishika kwa kusikia mara mbili. Na do hiyo ni B flati, yaani C ya tarumbeta yako, maana tarumbeta ya B flati ukisoma C inatoa B flati. Ugumu uko kwenye mapigo, baa ya kwanza ina mapigo matano, ya pili sita, na mkazo ukiuweka pasipo pake inageuka maandamano ya askari. Zile noti mbili za haraka (re-so) zisiwe za haraka kuliko zilivyoandikwa, kila mtu anazikimbiza sijui kwanini. Halafu kumbuka baada ya baa zako mbili wanakujibu wenzio wa shaba kwa sauti nene ya wengi, wewe ndo umewawekea mwendo, sauti na urefu wa noti. Kwahiyo kila ukipiga baa zako mbili, nyamaza, uwaimbe hao wanaojibu kichwani kwa mwendo uleule, ndo uingie tena. Kwenye usaili utapiga na kunyamaza hivyohivyo, na kile kimya chako kikiwa sawasawa wasailiwa kumi watakuwa wamebaki nyuma yako.

Leonore namba 3 ni ouvecha (muziki wa kufungulia opera) ya 1806, wakati huo tarumbeta haina valvu, zile za kubonyeza kwa vidole (hati ya kwanza ya ubunifu wa valvu ilitoka Ujerumani 1818), ndiyo maana ule mlio umejengwa juu ya do mi so, kwa B flati yako unaweza kuupiga wote bila kubonyeza kidole. Jaribu hivyo, ni zoezi zuri la midomo. Lakini ujue hadithi yake. Kwenye opera ya Beethoven iitwayo Fidelio, mkuu wa gereza Pizarro anataka kumuua mfungwa wake Florestan, ndo tarumbeta inalia kutoka juu kwamba waziri anakuja. Inalia mara mbili, katikati okestra inapiga polepole kama watu wasioamini masikio yao. Mpigaji anasimama nje ya jukwaa. Wewe kwenye video hutakuwa nje ya jukwaa, ila piga kama mtu anayetoa taarifa kwa mbali, sauti iliyonyooka, isiyo na madoido, noti ya mwisho isidondoke. Usiilainishe. Anayeokolewa na ule mlio ana kisu shingoni.

Haydn sitakaa sana, hiyo konseto (muziki wa mpigaji mmoja mbele ya okestra) ya 1796 aliitunga kwa ajili ya Anton Weidinger wa Vienna na ile tarumbeta yake mpya yenye vitufe, na wanachotaka kusikia ni usafi: ulimi mwepesi, noti mbilimbili zilizounganishwa zisikike zimeunganishwa kweli, na sauti ya mtu anayetabasamu. Baada ya misiba ya Mahler unatakiwa ubadilike hapo, na hilo nalo wanaliangalia.

Kuhusu haraka: hapana. Sikiliza zile rekodi tatu, pima mwendo wa kila moja kwa metronomu, chukua wa katikati, uandike kwa penseli juu ya karatasi na usibishane nao tena. Kamati haitafuti anayekimbia, inatafuta mtu ambaye kesho akikalishwa kwenye kiti, jirani yake hatapata presha. Muda, tyuni, mapigo, sauti nzuri, ndo vinaangaliwa kwanza, madoido yako ya moyoni yanakuja baada ya hapo.

Wiki za mwisho uache kuvipiga kwa mpangilio uliouzoea. Andika majina kwenye vikaratasi, tia kwenye kofia, chomoa, piga hichohicho mara moja tu, kikiharibika kimeharibika, chomoa kingine. Na siku nyingine kimbia ufukweni Shangani mpaka moyo unadunda, ingia ndani hapohapo piga Mahler, manake siku ya kurekodi ile taa nyekundu ikiwaka moyo utadunda vilevile hata kama hujakimbia. Pumzika muda sawa na uliopiga, midomo ni msuli.

Na rekodi yenyewe: kanisani asubuhi na mapema kabla feni hazijawashwa na kabla mvua haijaanza kupiga bati, simu iwe mbali hatua tano sita hivi isiwe mbele ya kengele ya tarumbeta, ukiisogeza karibu sauti inapasuka. Usikate wala kuunganisha, wanaojua wanasikia. Halafu soma tangazo vizuri wanatumia A ya ngapi, 440 au 442 (mitetemo kwa sekunde ya ile noti A ya kutyunia), okestra nyingi za Ulaya ziko juu ya 440.

SWALI: Mwalimu za kazi. Niko Lindi mjini. Nilienda Dar kwenye usaili wa bendi moja, nyumbani nilikuwa nimeitune vizuri kabisa na tyuna ya simu, nafika ukumbini AC inapuliza kama friji, noti ya kwanza tu nikaonekana niko chini, nikabonyeza midomo kuipandisha nikaharibu na zilizofuata. Tarumbeta yangu mbovu? – Wa Lindi

JIBU: Tarumbeta nzima, hewa ndo imekuponza. Sauti inasafiri haraka zaidi kwenye hewa ya moto kuliko ya baridi, kwahiyo bomba lilelile likiwa na hewa ya moto linatoa noti ya juu zaidi. Kila nyuzijoto moja ya Selsiasi ni kama senti 3, na nusu toni nzima ina senti 100. Lindi mchana nyuzi 32, ukumbi wa AC nyuzi 20, hesabu mwenyewe: tofauti ya 12 mara 3 ni senti 36, zaidi ya theluthi ya nusu toni! Kwa kweli haifiki huko kwasababu pumzi yako inapasha bomba ukishaanza kupiga, lakini noti ya kwanza ndo inakutana na baridi yote. Watu wanadhani ni shaba inasinyaa, wapi, shaba haina habari, ni hewa iliyo ndani.

Dawa yake: mauthipisi (kile kipande cha kupulizia) mfukoni mwako mpaka dakika ya kuitwa, tarumbeta uikumbatie, na ukiwa unasubiri pulizia pumzi ya moto polepole bila kutoa sauti, valvu ukizibonyeza zote tatu ili pumzi ipite na kwenye mabomba madogo. Usiisukume slaidi (bomba la kutyunia) ndani wakati tarumbeta bado ya baridi, itakapopata moto utakuwa juu kuliko wote. Midomo isifanye kazi ya slaidi, wewe ulipobonyeza pale ndo ulipoharibu na sauti yenyewe. (Yule kijana wa Chikongola asome na hapa: anayepiga Leonore nje ya jukwaa anakaa kimya muda mrefu kabla ya kuingia, tarumbeta inapoa mikononi, ndo anatakiwa aingie na noti safi peke yake.)

SWALI: Habari mwalimu, mimi nasoma sol-fa vizuri na nota za kawaida kiasi. Nimepewa karatasi imeandikwa tarumbeta ya F, mimi ninayo B flati. Nimeambiwa niisogeze juu kwa tano, nachanganyikiwa. Je ninunue tarumbeta ya F? – Mnazi Mmoja, Lindi

JIBU: Usinunue chochote. Zamani kabla ya valvu mpigaji alikuwa anabadilisha mabomba ya kuongezea urefu kulingana na kii ya wimbo, F, E, D, na watunzi wakaendelea kuandika hivyo hata valvu zilipokuja, ukifika kwa Bruckner na Sibelius utakutana na F kila kona. Wewe mtu wa sol-fa una njia ya mkato: isome hiyo karatasi kana kwamba C iliyoandikwa ni do, halafu do yako ipige G. Basi. Do re mi ni zilezile, umehama nyumba tu. Ikiandikwa tarumbeta ya E, do yako ni F shapu. Ikiandikwa ya C, do yako ni D. Anza na nyimbo za kwaya unazozijua kichwani, zihamishe kwenye do hizo tatu kila siku dakika chache, baada ya hapo ndo ufungue karatasi ya okestra. Usiandike upya nota nzima kwa penseli, ukizoea hivyo siku ya usaili wakikuwekea karatasi mpya mbele utaduwaa.

SWALI: Shikamoo mwalimu, mimi ni mama wa Masasi. Kijana wangu yuko kidato cha tatu, kila jioni na tarumbeta, amepata sijui wapi hizo nyimbo za okestra anasema anataka kufanya usaili nje akimaliza shule. Baba yake anasema msimu wa korosho umefika yeye anapuliza ukutani, hiyo kitu italipa lini? Nimkataze au nimwache? – Mama wa Masasi

JIBU: Marahaba mama. Nikwambie bila kuzungusha. Kazi ya kudumu kwenye okestra za Marekani au Ulaya ni ngumu kuliko watu wanavyodhani, nafasi ya tarumbeta ikitokea ni kiti kimoja, na wanaokuja kukigombea wanaweza kuzidi mia, wote wamesoma vyuo vya muziki, wote wanapiga haohao Mahler. Huku kwetu anayeishi kwa tarumbeta ni wa bendi ya Polisi, JWTZ, Magereza au JKT, na hao wanaajiriwa kwa taratibu za majeshi yao, shule inatakiwa iwe imeisha vizuri. Wengine wanapata riziki kwenye harusi na kufundisha. Kwahiyo baba yake hajakosea kuuliza.

Lakini usimkataze mama. Hivyo vipande anavyohangaika navyo ni shule yenyewe, vinamfundisha tyuni, mapigo, kusikiliza wengine, na mpigaji aliyevishika hata akienda bendi ya Polisi au ya harusi atakaa kiti cha mbele. Mwekeeni tu utaratibu. Saa moja kwa siku ya mazoezi aliyoyapanga inamtosha umri huo, tena agawe mara mbili, manake akipuliza saa tatu mfululizo jioni anavimbisha midomo na kujifunza makosa. Saa zinazobaki ni za kitabu na za korosho. Akimaliza kidato cha nne, kuna TaSUBa, Taasisi ya Sanaa na Utamaduni Bagamoyo, na kule Zanzibar kuna Dhow Countries Music Academy iliyoanza 2002, aulize masharti yao ya kujiunga mapema asisubiri matokeo. Usaili wa video wa nje ajaribu pia, anachohitaji ni simu na bando, ila mwenzangu mtu asiuze shamba kwa ajili ya nauli kabla barua ya kukubaliwa haijafika na kusomwa na mtu anayeielewa. Na mama, siku moja kaa umsikilize akipiga vyote, usiwe unapika. Atapiga tofauti akijua kuna mtu mbele yake.

SWALI: Mambo vp mwalimu, valvu zangu zinaganda, naweka mafuta ya nazi zinalainika siku moja kesho yake zimeganda tena, fundi mmoja kasema niweke ya cherehani. Usaili jumamosi!! – Mikindani

JIBU: Poa. Mafuta ya nazi hapana, yanashika uchafu na asubuhi ya baridi yanaganda kabisa, ya cherehani nayo ni mazito kwa valvu. Leo usiku toa valvu zote tatu, kila moja ina namba yake usizichanganye, osha kwa maji ya uvuguvugu na sabuni ya kuoshea vyombo, maji ya moto sana yatabandua rangi, pitisha kitambaa laini ndani ya matundu yake, suuza, kausha. Tafuta mafuta ya valvu yenyewe, waulize wenzio wa bendi za makanisa hapo Mtwara mjini lazima mmoja anayo kichupa, matone matatu manne kila valvu. Mnaokaa karibu na bahari fanyeni hivi mara kwa mara, chumvi ya hewani haina huruma na shaba. Ikigoma hata baada ya kuosha, huenda valvu imepinda, hapo azima tarumbeta ya mwenzio na uanze kuizoea leo usingoje jumamosi asubuhi.